Dekow, Hariri na Kuku wa Daktari

Mgongo wa Dekow ulipoanza kumuuma, mwaka ule wa tisini na nne, fisi wa ng'ambo ya Tana walihama. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na majirani zake pembezoni mwa Garissa hawakumbishia, maana mlio alioutoa kila alipoinama kuvaa ndara ulikuwa wa kuhamisha fisi kweli. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la mifugo njia ya Masalani. Mfupa ukapona vizuri. Maumivu yakakataa kuondoka, yakawa kama mgeni aliyejenga.

Yote angeyastahimili ila moja. Mkamuaji wa ngamia husimama kwa mguu mmoja, wa pili akaukunja gotini na kuegesha chombo pajani. Dekow hakuweza tena. Na Hariri, ngamia pekee aliyenusurika ukame, hakutaka mkono mwingine. Akiguswa na mtu mwingine anabana maziwa na kurusha teke. Jelle, shemeji yake Dekow, alijaribu, akapigwa teke moja akatua, walaahi, juu ya paa la duka la Nunow.

"Shemeji, huyu hana faida," Jelle alisema akijipangusa vumbi. "Mwezi mpya ukiandama nampeleka kwa wachinjaji."

"Peleka ndevu zako kwanza."

"Ndevu hazili majani."

Osob, mkewe Dekow, hakucheka. "Baba Fowsiya, nenda kwa yule daktari wa Mogadishu. Mwezi ukiandama na bado huwezi kukamua, mimi mwenyewe nitampa Jelle kamba."

Daktari Siyad alikuwa amesomea Urusi. Vita vilipomtoa Mogadishu alikimbia na kisanduku kimoja cha chuma chenye waya, na sasa alikitumia katika chumba chake nyuma ya msikiti. Alilowesha sponji mbili kwa maji ya chumvi, akamfunga Dekow moja kwenye paji la uso na nyingine kisogoni.

"Nitageuka redio?" Dekow akauliza.

"Ukipata habari za Mosko uniambie." Daktari akawasha. "Umeme ni mdogo, adeer," akamwita kwa heshima kama ami yake, "utausikia kama sisimizi wanatembea. Kazi yake ni kuutuliza ubongo uache kupiga kelele juu ya maumivu. Lakini peke yake hautoshi. Na wewe ukae kimya, ufuate pumzi yako. Wazo likija, uchungu ukija, utazame tu upite, kama ngamia wanavyopita njiani. Usiwafuate."

Hapo ndipo alipokosea daktari, mtoto wa mjini aliyezoeana na ngamia kwenye sahani. Wa kwanza alipopita tu kichwani mwa Dekow, Dekow akamwangalia chapa. Chapa ya watu wa Wajir! Anatafuta nini huku? Mama yake nani? Mbona anachechemea? Akaja wa pili, ana mimba. Kisanduku kilipozimwa, Dekow alikuwa amekusanya kundi zima, amegombana na watu wa Wajir kisimani, jasho linamtiririka, na mgongo unawaka moto.

Ikawa hivyo siku kadhaa, mpaka daktari akamuuliza kama anatulia.

"Nitulie vipi? Kila siku unaniachia mifugo ya watu bila mchungaji!"

Akamsimulia. Daktari alicheka hadi akavua miwani. "Adeer, mnyama gani akipita mbele yako huulizi ni wa nani?"

Dekow akafikiri. Punda? Angeuliza nani kamzidishia mzigo. Mbuzi? Astaghfirullah.

"Kuku," akasema kwa dharau. "Kuku hata akivaa kilemba simtazami mara mbili."

"Basi wapite kuku."

Wakapita. Uchungu nao ukaja, jogoo mkubwa mwekundu, akaanza kuchakura chini ya kiuno. Dekow, mwana wa wafugaji, ainuke kwa ajili ya jogoo? Akavuta pumzi, akaishusha. Sisimizi wakatembea kwenye paji la uso. Jogoo akachakura wee, hakufukuzwa wala hakutupiwa punje. Siku baada ya siku akapungua, akawa si mkubwa kuliko kifaranga.

Mwezi ukaandama. Alfajiri Jelle alifika amevaa viatu vya safari. Dekow hakumjibu salamu ila kwa kichwa. Alimleta ndama wa Hariri anyonye kidogo, akamsogeza, akaegesha chombo, akainua mguu. Hariri akageuza shingo kumnusa. Uchungu ukapanda, mguu ukatetemeka.

"Anaanguka huyo!" Jelle akanong'ona.

"Nyamaza, utamshtua," Dekow akasema taratibu, akarudi kwenye pumzi yake. Maziwa yakaanza kulia ndani ya chombo, chrr, chrr, povu likapanda hadi ukingoni.

Osob akapokea, akanywa, akafuta mdomo.

"Mgongo umepona?" akauliza.

"Haujapona. Ila sasa mimi ndiye ninayeuamrisha."

Osob akamgeukia kaka yake. "Jelle, mrudishe ndama kwa mama yake. Halafu vua viatu, uje unywe."