Nduru Ambayo Sikuipiga

"Nani amekufa kwenu, Mama Owiti?"

Nabwire, jirani yangu hapa Nyamasaria, alinikuta langoni nikitoka sokoni Kibuye na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani. Leso alikuwa ameshaifunga kiunoni, na nyuma yake wanawake watatu.

"Kwetu? Hakuna."

"Usinifiche. Tumesikia nduru yako, sauti ile ile uliyomlilia nayo mzee wako."

Tangu nimzike mume wangu sijapiga nduru. Kwetu, anayelia bila maiti anauita msiba. Na nyumbani nilikuwa nimemwacha mtu mmoja tu, mwanangu Owiti.

Nilimkuta sebuleni mbele ya sintesaiza yake, mashine ya kuunda sauti, ile ya masanduku yaliyounganishwa kwa waya.

"Owiti, umenifanya nini?"

"Mama, si wewe. Ni mashine."

Wakati wa Pasaka aliniomba nipige nduru airekodi, nikakataa. Akasema basi, imba tu "Ee Bwana", sauti moja ndefu. Aliapa kwa baba yake kwamba wimbo utabaki wimbo. Hata alinielezea: ukibonyeza kitufe, mlango wa sauti unafunguka, ukikiachilia, unafungwa. Vile vya kuzungusha kama vya redio vinaamua sauti ipande upesi au polepole, itulie wapi, na mlango ukishafungwa ichelewe kiasi gani kufa.

"Nionyeshe."

Akabonyeza. Wimbo wangu uliinuka taratibu, kama tunavyoimba kanisani. Kisha akazungusha, akabonyeza tena. Sauti iliruka ghafla, na mlango ulipofungwa ikashuka, ikashuka, ikakataa kufa. Nilikuwa mimi, kando ya jeneza.

Huko nje Nabwire akaijibu kwa nduru. Wenzake wakafuata.

"Unawasikia? Mungu wangu, unamwitia nani kifo? Futa hiyo!"

"Nimeshawatumia watu wa studio huko Nairobi, Mama. Ile ya wimbo waliikataa. Eti haina uchungu." Akacheka. "Si ujivunie? Utasikika mpaka ng'ambo."

"Uliapa kwa baba yako."

"Baba hayupo, Mama."

Kidole chake kikarudi kwenye kitufe.

Picha ya mume wangu ilikuwa ukutani, juu ya mashine. Nikaitungua, nikaiweka kikapuni juu ya omena, nikatoka.