Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mume wangu ni seremala wa vitanda, na maharusi wote wanaokuja kuchukua chao hupewa pia mawaidha ya bure. "Ridhikeni na mlichonacho, wanangu," huwaambia, akipapasa mbao. Wateja humwita Mwalimu wa Ndoa. Mimi nina jina langu la kumwita, lakini tuyaache hayo.

Maana huyo Mwalimu alinilaza miaka ishirini na miwili kwenye kitanda cha miguu mitatu. Wa nne, upande wangu, ulikuwa matofali yaliyozidi kimo, kwa hiyo kila nikisinzia naporomokea mgongoni kwake. Si kwamba hakututengenezea kingine. Alitengeneza tisa! Vanishi ikikauka tu, anatokea mteja mwenye haraka zake, na kitanda "chetu" kinapanda mkokoteni.

Mwezi uliopita nikachoka. "Baba watoto, Jumamosi ikifika sina kitanda, nahamia kwa dada. Na sirudi." Nikafungasha sanduku mbele yake ili ajue sitanii.

Akakuna kichwa. Kesho yake akaanza kuhamisha mbao, msumeno na gundi kutoka karakana hadi chumbani kwetu. Kile kizee akakitupa uani, matofali na yote. Nikadhani amechanganyikiwa. Siku nne nililala sebuleni, nikipiga chafya kwa vumbi la mbao.

Jumamosi akaniita. Kitanda kilikuwa kimejaa karibu chumba kizima, viungo vyote vimegandishwa kwa gundi, hakuna hata skrubu moja ya kufungulia.

"Hiki hakipiti mlangoni," akasema, jasho likimtiririka. "Najijua, mama watoto. Kikipita, nitakiuza."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonioa, na sanduku nikalifungua.

Mchana ule ule tukajilaza kukijaribu. Kimenyooka, hakilii hata kidogo. Yeye kule, mimi huku. Nikasubiri kuporomoka, wapi! Nikageuka kushoto, nikageuka kulia.

"Kuna nini tena?" akauliza.

"Uko mbali."

"Hata mimi nasikia baridi mgongoni."

Basi Mwalimu wa Ndoa akainuka, akashika upande wangu wa kitanda kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akaunyanyua huku akiguna, nami nikakimbilia uani kuchukua matofali yangu.