Kitako cha Bega la Kushoto

Bunduki iliingia katika karakana ya fundi ikiwa imezungushiwa shuka nyeupe, na mzee aliyeibeba aliilaza juu ya meza ya kazi kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu alazaye mtoto aliyepitiwa na usingizi. Fundi aliifunua, akaelewa mara moja. Mtutu ulikuwa mzima. Komeo, ile fimbo ya chuma ivutwayo ili risasi iingie, lilikwenda na kurudi bila kukwama. Kilichovunjika ni kitako tu. Mti wake ulikuwa umepasuka shingoni, mahali pa kushikia. Pikipiki ilipoteleza darajani siku ya mvua, chuma kilisalimika. Mwenye bunduki hakusalimika.

"Pole sana, mzee wangu," fundi alisema. "Mungu amrehemu Shoto."

Jina la Shoto alilitunga yeye mwenyewe, kijana alipokuja kupimwa kitako cha kwanza. Alimtania kwamba hata mlango wa karakana aliufungua kinyume, na kijana akajibu kuwa mlango ndio uliotiwa kinyume. Nyumbani, mama yake alimfunza kula kwa mkono wa kulia, naye alitii; lakini kalamu, panga na nyundo vilibaki kushoto, na bunduki ikatafutwa ya watu wa mkono huo, mpini wa komeo lake ukiwa upande wa kushoto. Kwa bunduki hiyo aliyalinda mahindi ya nyumba yao dhidi ya nguruwe mwitu.

Tangu mazishi, nguruwe walikuwa wamekwisha kuingia shambani mara mbili. Marehemu aliacha mjane na watoto wadogo, na hapakuwa na wa kushika silaha ila babu yao. Kibali kilihamishiwa kwake. Basi alikuja kuchagua kitako kipya, akiwa na agizo moja tu la mkewe: bunduki irudi kama ilivyokuwa kwa mwanawe.

Fundi alimtolea magogo yaliyokwisha kuchongwa nusu. Mzee aliliacha jeupe, akaliacha jekundu, akashika la rangi ya kahawia iliyokolea, akalilinganisha na kile kitako kilichovunjika, mstari kwa mstari, mpaka akaridhika kwamba vingeweza kuwa vya mti mmoja.

Ilibaki kuchagua upande. Kitako cha namna ile kina uvimbe mdogo, mto wa kuegemeza shavu. Fundi huyu alikuwa na desturi ya kuacha mito miwili, kila upande mmoja, na haondoi wowote mpaka mteja ainue bunduki begani huku amefumba macho. Mwili, alikuwa akisema, husema kweli macho yakifumbwa. Mzee alisema ubaki mto wa bega la kushoto, kama wa mwanawe.

"Lakini mzee, wewe si mtu wa kulia?"

"Nimejifunza."

Akaeleza kwamba kila siku baada ya sala ya alasiri huenda nyuma ya nyumba na mpini wa jembe, akauweka bega la kushoto, akaushusha, akauinua tena. Mwanzo ulikuwa ukimteleza. Siku hizi hautelezi.

Fundi aliishikiza bunduki kwenye mti mpya, akamwambia afumbe, ainue, kisha afumbue. Bunduki ilipanda bega la kushoto vizuri kuliko alivyotarajia. Macho yalipofumbuka, hata hivyo, shingo ilipinda, kichwa kikavuka juu ya mti, jicho la kulia likitafuta shabaha. Walirudia. Shingo ikapinda vile vile. Fundi akamwomba afumbe jicho la kulia, autazame msumari ulioko ukutani. Mzee alikodoa la kushoto, akasema kwamba anauona ukuta tu.

"Ukipiga hivi itakuvunja taya," fundi alisema kwa sauti ya chini, "na nguruwe atakwenda zake."

"Mama yake kaniambia nisirudi na bunduki ya mtu mwingine."

"Nitachonga utakavyo, baba. Ukitaka kama cha kwanza, nitakichonga kama cha kwanza, wala sitakosea. Ila niambie, nani ataegemeza shavu hapo?"

Mzee alikiokota kile kitako kilichovunjika. Ubavuni palikuwa na sehemu iliyong'aa kuliko mahali pengine, nyeusi kidogo kwa jasho, laini kama kauri. Hapo ndipo shavu la kijana lilipokuwa likikaa. Alipapasa kwa kidole gumba, mara moja tu.

"Ondoa mto wake," alisema. "Uache wangu."

Randa ilipita. Maranda yalianguka miguuni pa mzee, mepesi, yakijikunja, naye hakuyatazama. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Fundi alimkumbusha kwamba mti hubadilika lakini chuma hakihami, komeo litabaki kushoto. Mzee alitikisa kichwa kukubali.

Mkewe alimpokea mlangoni, akafunua shuka, na mkono wake ukaenda moja kwa moja ubavuni mwa kitako, pale anapopajua. Ulikuta mti sawa, mtupu.

"Si yake hii."

"Si yake," mzee aliitikia. "Chake ni hiki." Akampa kile kilichovunjika.

Mama alikipokea. Aliketi kizingitini, akakiinua kile kipande cha mti hadi usoni, akalaza shavu lake pale palipong'aa.

Jioni ile, mahindi yalianza kutikisika ukingoni mwa shamba. Mzee aliinua bunduki bega la kulia, akaona vizuri, akapiga. Nguruwe wa mbele akaanguka, wengine wakatawanyika. Alitaka kutia risasi ya pili. Mkono wake wa kulia uliruka kutafuta mpini wa komeo, ukapapasa chuma kitupu. Mpini ulikuwa upande wa pili, ukimngoja mwenyewe.