Marehemu Jaafar na Hoja ya Kura ya Siri

Bi Mwanarusi alikuwa akikuna nazi ya wali wa jioni simu yake ilipotetemeka juu ya kinu. Alijifuta mikono kwa pindo la leso, akavaa miwani, akafungua kikundi cha WhatsApp cha Sauti ya Mwandamo. Mwandamo ni kitongoji kidogo baina ya Diani na Msambweni, na kikundi chake hakikuwa na saa ya kulala. Dama alikuwa akiuliza ni nani aliyemwona kuku wake mwekundu. Fondo alitangaza kwamba dagaa wa Vanga wameshuka bei, kisha, katika ujumbe uleule, akasema kwamba uongozi wa tawi la chama umechacha kama tui la juzi. Chini yake palikuwa na ujumbe wa Jaafar, mumewe Bi Mwanarusi, aliyezikwa mwaka uliopita baada ya swala ya Ijumaa.

"Assalamu alaikum," Jaafar aliandika. "Hoja yangu ni ileile. Mwenyekiti wa tawi achaguliwe kwa kura ya siri, si kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea kama wanaosubiri mafuta ya taa."

"Wa alaikumu salaam, mzee," Fondo akajibu. "Kumbe huko mtandao ni mzuri kuliko Ukunda?"

"Jibu hoja, Fondo."

Siku ya hitima watu walikuwa wametuma rambirambi kikundini, naye Jaafar akawajibu mmoja mmoja, akiwashukuru kwa sanda na kwa pilau. Simu yake ilikuwa kabatini chini ya mashuka, haina chaji wala laini. Hata hivyo ujumbe wake ulifika bila kukatika, na watu wakaendelea kubishana naye kama walivyozoea.

Baada ya alasiri Jaafar alikuja mwenyewe, kama kila siku. Alifuata kijia cha makaburini, kinachopita kati ya minazi na kutokea uani kwake, akabisha hodi, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja alipokuwa hai. Aliketi pale pake, akakikumbatia kikombe cha kahawa ya tangawizi kwa viganja viwili. Hakunywa, alivuta mvuke. Kahawa ilipopoa, mkewe aliumwagia mchaichai, nao mchaichai ulikuwa umestawi sana mwaka huo.

"Umemwona Mwinga leo?" Jaafar akauliza.

"Amepita na yule tajiri wa kiwanja. Walikuwa wakipima."

"Wakipima nini?"

"Ukuta, bwana."

Jaafar akavuta mvuke.

Mwinga alikuwa mwenyekiti wa tawi tangu wajukuu wa Bi Mwanarusi hawajazaliwa. Alikuwa amemwahidi tajiri huyo, aliyetaka kujenga hoteli, kwamba kijia kitazibwa na kwamba tawi halitapinga. Hanifa, mshona nguo wa pale kitongojini, alikuwa akigombea kiti hicho kwa ahadi moja: kijia kibaki wazi. Bi Mwanarusi hakuhitaji kufafanuliwa. Ukuta ukijengwa, mumewe hatakuja tena. Marehemu wa Mwandamo walikuwa watu wa adabu, na hapakuwa na hata mmoja miongoni mwao ambaye angeruka ukuta wa mtu.

Kulikuwa na desturi moja ambayo Mwinga aliipenda kuliko wote. Hakuna nyumba iliyokubali jina la marehemu wake lifutwe chamani. Kumfuta mtu, walisema, ni kumtoa nyumbani mara ya pili, nao walikwisha kumtoa mara ya kwanza kwa jeneza. Iddi, karani wa tawi, alipokuja na kalamu yake baada ya arobaini ya Jaafar, Bi Mwanarusi alimkaribisha uji, akamwambia, "Mwache alipo, mwanangu. Hali, hanywi, wala hamsukumi mtu." Kila nyumba ilimwambia vivyo hivyo. Kwa hiyo tawi la Mwandamo lilizidi kuwa na wanachama, ingawa vijana walikuwa wakihamia Mombasa.

Siku ya uchaguzi watu walikutana katika uwanja wa mpira. Mstari wa nyuma ya Mwinga uliishia kwenye kivuli cha mwavuli wake. Mstari wa nyuma ya Hanifa ulifika golini, ukapinda. Kisha marehemu wakaja kwa kijia chao, wamevaa kanzu safi na buibui zilizopigwa pasi. Walisimama mwisho wa mstari wa Hanifa, wakiacha nafasi kidogo ili wasiwatie watu baridi. Fondo, aliyekuwa wa mwisho miongoni mwa walio hai, alifunga vifungo vya shati.

"Sogeeni, wazee wangu," akasema. "Baridi yenu ni afadhali kuliko jua hili."

Iddi aliwahesabu wanadamu wenye vivuli, akafika kwa Jaafar, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Iddi. Nihesabu."

"Siwezi, mzee. Kanuni za chama haziruhusu marehemu kupanga mstari."

"Basi nitoe chamani."

"Hilo nalo siwezi. Wewe umekwisha kupiga kura. Wanachama wote wasioweza kuhudhuria wamepigiwa kura zao asubuhi."

"Mimi nimehudhuria."

"Naona, mzee. Lakini kura yako imekutangulia."

"Imekwenda kwa nani?"

Iddi akautazama mwavuli. "Kwa mwenyekiti."

"Sikumpa kura nilipokuwa na pumzi."

"Ndiyo maana alisubiri," Fondo akasema, na watu kadhaa wakacheka, pamoja na marehemu wawili.

Mwinga alitangazwa kuwa mshindi. Alipita akiwapa watu wote mkono, walio hai na waliofariki, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Alipofika kwa Jaafar alimshukuru kwa kumuunga mkono, kisha akajifuta kiganja kwa leso. Hanifa alirudi kwenye cherehani yake; alikuwa na sare za madrasa za kumaliza.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanarusi alimwendea Iddi, akamwomba alifute jina la mumewe. Sauti yake haikutetemeka, ila leso alikuwa ameifunga kichwani nje ndani.

"Mwenyewe ndiye anayepaswa kuja kutia dole gumba, bibi," Iddi akasema kwa upole. "Kumfuta mwanachama pasipo ridhaa yake ni kumdhulumu."

"Nitamwambia aje leo alasiri."

"Mafundi wameanza kazi alfajiri, bibi, na wameanzia kijiani."

Ukuta ulikwisha kabla ya mvua za masika. Ulikuwa ukuta mzuri, mweupe, wenye vigae vya chupa juu. Alasiri ya kwanza Bi Mwanarusi alipika kahawa, akaketi, akasubiri hodi. Hodi haikuja. Mchaichai ukakosa kumwagiliwa. Alasiri ya pili alichukua birika, kikombe na mkeka, akaenda hadi ukutani, akamimina, akaketi kuuelekea kama anayezungumza na jirani dirishani. Mvuke ulipanda ukuta polepole, ukapita juu ya vigae, ukateremkia upande wa pili.

Baada ya kitambo simu ikatetemeka. Dama alikuwa amempata kuku wake, tena ana vifaranga. Chini yake Jaafar alikuwa ameandika mbele ya kikundi kizima: "Tangawizi imezidi."

"Ni ileile," Bi Mwanarusi akaandika. "Pua yako ndiyo iliyokaa bila kazi."

"Wazee, huku tunajadili siasa," Fondo akalalamika, kisha akatuma picha ya waridi.

Mwaka huohuo Mwinga alipandishwa, akawa mwenyekiti wa chama wa kaunti nzima. Tawi la Mwandamo lilimuunga mkono bila mtu hata mmoja kupinga, sauti ya marehemu Jaafar ikihesabiwa miongoni mwa nyingine. Saa hiyo Jaafar alikuwa kikundini akimpinga, hoja kwa hoja. Bi Mwanarusi aliusoma ujumbe wake hadi mwisho, mgongo wake umeegemea ukuta, akauwekea alama ya kuunga mkono. Kisha akamimina kikombe cha pili, akapunguza tangawizi.