Maji ya Padri ni ya Baridi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, soko la Mbinga lilijaa viatu vya mtumba mpaka ungedhani Wazungu wote wameamua kutembea peku. Urbani ndiye alikuwa na meza kubwa na mdomo mkubwa. Wakafuata wengine watatu, wote wamejifunza kwake. Mwisho kabisa, karibu na jalala, alikuwa Hilari: viatu vilevile, bei ileile, kelele zilezile. Watu wakimfikia yeye wameshanunua.

Baba yake, mzee Ignatio, alishasema: "Jumapili ya Matawi nakuja mjini. Nikikukuta bado unahangaika, tunarudi wote kuchimba ngoro." Na ngoro si mchezo. Ni mashimo mlima mzima, unachimba umeinama, mvua inakupiga mgongoni, ukinyooka kidogo shangazi zako wanakuita mgonjwa. Hilari aliona afadhali jela.

Siku moja akamwona mama Ottilia akinunua viatu vyekundu kwa Urbani, akavifunga kwenye khanga, akaingia topeni peku.

"Shikamoo mama. Mbona huvivai?"

"Marahaba. Nivae kwenye tope hili? We mzima kweli? Navaa Jumapili, mlangoni mwa kanisa."

"Na miguu hiyo?"

"Si naosha dimbwini."

"Dimbwi lenyewe si tope?"

"Sasa ulitaka niende misani na dumu kichwani?"

Akili ya Hilari ilishakimbia. Viatu wanauza wote. Miguu safi anauza nani? Akamwachia Urbani mzigo wake kwa bei ya aibu, akanunua mabeseni na sabuni ya mche, akaazima benchi.

"Umefulia, dogo?" Urbani akacheka.

"Nimewachoka."

Jumapili akaweka benchi kwenye kona ya njia, chini ya kilima cha kanisa. Wazee wakaja, wakakaa mstari, wakanyoosha miguu. Alipokuja mwingine, wakamfukuza: "Tumeshatimia kumi na wawili!" Hilari hakuelewa, akasugua tu mpaka visigino. Walipomaliza wakavaa viatu, wakambariki, wakaondoka.

"Babu, hela!"

"Hela gani? Si mazoezi ya Alhamisi Kuu haya, padri anapotuosha miguu kama mitume? Tangu lini Yesu akatoza?"

Katekista Alphonce akashuka mbio. "Nani kakuruhusu kumwigiza padri?"

"Simwigizi mtu. Naosha matope."

"Padri anaosha bure!"

"Mara moja kwa mwaka!"

"Sikiliza, kijana. Ukitaka kukaa hapa, fanya yako. Ikifanana tena na ibada, benchi hilo nalichoma."

Hilari akarudi kwake anatukana njia nzima. Amemkimbia Urbani, kumbe kaenda kushindana na padri, na wale wako kwenye kazi hiyo karibu miaka elfu mbili! Akakaa jikoni anaota moto, vidole vya miguu vimekufa ganzi kwa baridi ya Mbinga. Akavisogeza karibu na sufuria ya maji iliyokuwa inachemka. Akaitazama sufuria.

Maji ya padri ni ya baridi.

Jumapili ya Matawi moto uliwaka pale konani, sufuria kubwa inafuka. "Ya bure ni Alhamisi!" Hilari akapiga kelele. "Ya leo ni ya moto! Unalipa kwanza!" Watu wakapanga foleni na matawi yao mkononi. Hata wale wazee wakalipa, huku wanalalamika kwamba dunia imeharibika.

Mzee Ignatio akatokea, jembe begani, tope mpaka magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Funga virago."

"Nawa kwanza, baba. Utaingiaje kanisani hivyo?"

Mzee akakaa kwa hasira, akatumbukiza miguu. Mabega yakashuka. Kengele ikalia, watu wote wakapanda kanisani, benchi likabaki lake peke yake.

"Baba, misa inaanza."

"Naisikia."

"Na ngoro je?"

Mzee alishafumba macho. "Mdogo wako Bernadi ana mgongo mzuri tu," akasema. "Ongeza maji, yanapoa."