Mjane Hujibu kwa Kinywa Chake

Huko Burao mwenye shauri hana mlango mmoja wa kubisha. Yupo hakimu wa serikali, yupo kadhi, wapo wazee wa ukoo, na kila mmoja anajiona ndiye sheria yenyewe. Ubah, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa ameshafungiwa mlango wa wazee. Eda ya mumewe ilipokwisha, waliamua arithiwe na shemeji yake, Hirsi, kama mila inavyotaka. Wakamwita, wakamwambia, akanyamaza. Wakakihesabu kimya chake kuwa ndiyo, wakaagiza chai.

Ndiyo gani? Mwanamke wa watu alikuwa amekufa ganzi kwa hofu. Hirsi si mtu mbaya, lakini Ubah hakumtaka, basi.

Akaenda mahakamani. Karani hata hakuinua macho. "Dada, mambo ya ukoo yamalizeni hukohuko."

Akaenda kwa kadhi.

"Ulitamka kwamba umeridhia?" kadhi akamuuliza.

"Sikusema kitu, sheikh."

"Basi hujaridhia. Mwanamwali akinyamaza inatosha. Mjane lazima aseme."

Kadhi huyo hakuwa na askari hata wa dawa. Alituma ujumbe tu kwa wazee, na Ubah akajua watamcheka.

Kesho yake akaitwa barazani. Hirsi alikuwa amevimba. "Shemeji, umekwenda kutushtaki kwa kadhi? Sisi tumekuwa watu baki?"

"Hebu tulia, Hirsi," akasema Mzee Gelle, msemaji wa wazee. "Tukimlazimisha huyu, kesho wajane wote watahamia kwa kadhi, sisi tubaki kuamua kesi za mbuzi." Wenzake wakaguna, wengine wakacheka. Kisha akamgeukia Ubah. "Binti yangu, tulikosea. Unamtaka Hirsi?"

Ubah aliduwaa. Wanaume wale, ambao neno lao huwasha vita na kuvizima, wote walikuwa kimya wakimsubiri yeye, na hakuna bunduki wala pingu iliyowanyamazisha. Mwili ulimsisimka mpaka utosini.

"Simtaki," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Tumesikia," akasema Mzee Gelle. Hirsi akainamisha kichwa.

 Machozi yalimtoka Ubah kwa ajili ya marehemu mumewe. Aliozwa kwake akiwa mwanamwali aliyenyamaza nyuma ya pazia. Alimpenda yule mwanamume, alimpenda kweli, na hakuna aliyewahi kumuuliza ili apate kusema ndiyo.