Matofali Yanaporudi kwa Wenyewe

Muuza nyama alikuwa amesimama juu ya stuli, anapimwa urefu wa suruali, wakati tofali lilipoingia dirishani na kumvunja taya. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa kwanza, maana swali la maana haliulizwi na mtu mwenye pini mdomoni.

"La kwako?"

Muuza nyama alitema meno kiganjani, akayatazama kama anayehakiki chenji, kisha akakubali kwa kichwa. Alilibeba tofali lake kwapani akaenda zake, mguu mmoja wa suruali umepindwa, mwingine unaburura.

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mvua zilipokwisha. Matofali yaliyorushwa siku ya fujo, miaka mingi nyuma, yalikuwa yanatoka kwenye shimo ambako malori ya jiji yaliyamwaga, yanawarudia waliorusha, kwa kasi ileile. Mwenye duka alipokea lake akipima sukari. Mkunga mstaafu, bibi wa watu, alipokea matatu mfululizo akazikwa kabla ya jua kuzama, na waombolezaji wakakiri kwamba hakuna aliyemdhania mkono mzito kiasi hicho.

Mtaa wenyewe ulizaliwa na kiwanda cha matofali. Watu walikuja kwa treni kutoka kila upande, kila nyumba ikawa na lugha yake ya kugombana na dua yake ya kulalia, wakaazimana chumvi, ngazi na hata mabwana harusi. Kisha kiwanda kikapunguza watu. Waliokuja kwa treni ya asubuhi wakakumbuka kwamba wao ndio wenyeji, wakaanza kuwafukuza waliokuja kwa treni ya jioni. Milango ilipasuliwa kwa mashoka. Watu walichomwa ndani ya vyumba walivyopangishwa na haohao walioshika kiberiti. Mshonaji alikuwa wa treni ya asubuhi, mumewe wa treni ya jioni. Mume alisimama mlangoni ili aongee na majirani, kwa kuwa alizijua lugha zao zote, na tofali likampasua kichwa kabla hajachagua lugha ya kuanzia.

Mshonaji aliliona tofali hilo. Kiwandani kila mfyatuaji alikandamiza dole gumba kwenye udongo mbichi ili nyapara ajue kazi ya nani, na dole la mumewe lilikuwa limepasuliwa na mashine, likawa linaacha alama yenye ufa katikati. Tofali lililomuua lilikuwa na alama hiyo. Marehemu alilifyatua mwenyewe. Aliyelirusha ndiye hakujulikana, na kwa ajili hiyo mshonaji sasa alifanya kazi dirisha likiwa wazi, akikagua kila tofali lililopita. Hakutaka fidia. Alitaka uso mmoja wa kuuchukia, kwa sababu kuchukia mtaa mzima kulikuwa kunamchosha.

Alasiri ile kinyozi alileta shati la kutiwa vifungo. Alikuwa rafiki wa marehemu. Ndiye aliyemnyoa mara ya mwisho, akiwa maiti, akizunguka jeraha kwa uangalifu mkubwa.

"Shemeji, funga hilo dirisha. Utaumia bure."

"Niumie nini? Mimi sikurusha."

"Matofali hayana macho."

"Yanaona kuliko polisi. Kaa basi, umesimama kama nguzo ya umeme."

Kinyozi alikaa, lakini sakafuni, nyuma ya cherehani, mahali pa paka. Mshonaji alianza kumcheka. Ndipo mvumo uliposikika. Kinyozi alimdaka kiunoni kwa mikono miwili akamvuta mbele yake, kwa wepesi wa mtu aliyefanya mazoezi, na tofali likatua begani kwa mshonaji. Mfupa ulikatika kama kuni kavu.

Alipoanguka, alama ya dole yenye ufa ilikuwa mbele ya pua yake.

"Ni wewe," alisema.

"Limekupiga wewe, shemeji," kinyozi alisema kwa upole, akitafuta kitambaa cha kumfunga. "Mimi halijanigusa."

Majirani walijaa chumbani. Mwenyekiti wa mtaa, sufuria kichwani kama wote walivyotembea siku hizo, akakumbusha makubaliano. Ili watu wasichinjane upya, tofali lilihesabiwa kuwa la aliyepigwa, na aliyepigwa aliiomba radhi familia ya marehemu, yakaisha.

"Alinivuta," mshonaji alisema.

"Tukianza kuulizana nani kamvuta nani, mama, hapa hatutoki."

Muuza nyama, taya limefungwa kwa shuka, aliunga mkono.

Familia ya marehemu ikatafutwa. Mwenyekiti akagundua kwamba ndiyo hiyo iliyokuwa sakafuni. Hilo halikumsumbua, lilipunguza safari. Mshonaji akanyanyuliwa, akakalishwa mbele ya kioo cha kujaribia nguo, aongee na huyo aliyemwona mle. Mtu alimshika bega, lile lililovunjika, akaliminya mpaka maneno yakatoka. Alijiomba radhi kwa kumuua mumewe. Aliiomba kwa lugha ya treni ya asubuhi, ndiyo iliyotakiwa.

Ikabaki kumpata mtu wa kupokea radhi kwa niaba ya marehemu. Kinyozi, kwa kuwa walikuwa marafiki, akaombwa yeye. Alifikiri kidogo, akasema amesamehe.